Sura ya Sita: Nyumba Ndiyo Huchagua Keekee

Tundu la milimita 3 ambalo sikulitoboa lilimnyima mama yangu mitungi 30 ya maji kwa usiku mmoja.

Ilikuwa Novemba, nyumbani kwetu Nuu, mashariki ya Mwingi. Mvua za mwisho wa mwaka ndizo tegemeo letu Ukambani. Zikipita bila kuvunwa, watu hukaa roho juu hadi Machi au Aprili. Mwezi Septemba nilikuwa nimefunga gata upande mmoja wa paa, na kwa haraka niliyokuwa nayo nilitumia misumari, nikaipigilia moja kwa moja kwenye ule ubao wa ukingo wa paa ambao mafundi huuita fesha. Ubao ulikuwa wa mukau uliokauka vizuri. Msumari mmoja niliuweka karibu mno na ncha ya ubao. Nikasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kinachovunjika. Nikaendelea na kazi.

Mlio ule ulikuwa wa ufa. Gata ya nusu duara yenye upana wa sentimita 10, ikijaa, hubeba karibu lita 4 za maji katika kila mita. Mvua ya kwanza ilipokuja, uzito ukavuta, ufa ukafunguka, kishikio cha kwanza kikang'oka, kikafuatwa na cha pili na cha tatu. Gata ikaning'inia kama mkono uliovunjika na maji yakaenda zake shambani.

Sasa piga hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita mraba 1 ya paa ni lita 1 ya maji. Upande ule wa paa una urefu wa mita 10 na upana wa mita 3, yaani mita mraba 30. Ikinyesha milimita 20 usiku mmoja, hizo ni lita 600. Gawa kwa mtungi wa lita 20.

Asubuhi nilimkuta mama amesimama chini ya paa, anatazama tangi lililobaki tupu. "Mwaitu, nitairekebisha leo hii," nilimwambia, kwa neno ambalo sisi Wakamba humwitia mama.

"Rekebisha, mwanangu," alinijibu. "Lakini safari hii muulize mti kwanza."

Sura hii yote imetokana na jibu hilo. Inahusu kuchagua na kutumia drili ya betri, chombo ambacho sasa kimeingia katika nyumba nyingi za kawaida, mjini na vijijini. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na walisema kweli: methali hiyo inamkemea mvivu anayelaumu zana ili asilime. Haimkatazi mkulima kuujua udongo wake. Ukiujua mti wako, tofali lako na bati lako, nyumba yenyewe itakuambia drili gani inakufaa.

Keekee ya uta

Neno keekee, yaani drili, ni la zamani kuliko umeme. Mafundi wa majahazi wa Lamu, pale Matondoni na kwingineko, walitoboa mbao kwa keekee ya uta: mti mwembamba wenye ncha ya chuma, kamba iliyouzunguka, na uta unaovutwa mbele na nyuma kama msumeno. Mkono mmoja hukandamiza kichwa cha keekee, mwingine huvuta uta. Msumari wa jahazi ulitanguliwa na tundu, kwa maana ubao uliopasuka huingiza maji, na pamba ya kalafati haiwezi kuziba ufa unaoendelea kukua. Yaani lile nililolipuuza juu ya ngazi Nuu, fundi wa Lamu alilijua tangu zamani, na hakuwa na mota wala betri.

Mota ilikuja baadaye. Mwaka 1889 huko Melbourne, Australia, Arthur James Arnot na William Blanch Brain walisajili hataza ya drili ya umeme, mashine nzito ya kutobolea mwamba na makaa ya mawe. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ikatengeneza ya kushikwa kwa mikono. Mwaka 1917 Black & Decker wa Marekani wakapata hataza ya drili yenye mpini na kifyatulio kama bastola, umbo tunalolijua hadi leo. Kampuni hiyohiyo ikatoa drili ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961, ikitumia betri za nikeli na kadimi. Zilikuwa nzito na zilichoka upesi. Mambo yalibadilika betri za lithiamu zilipoingia katika zana hizi miaka ya 2000. Zikawa nyepesi, zikatunza chaji kwa miezi, na drili ikawa kitu ambacho mtu anaweza kupanda nacho ngazi bila kuburuta waya nyuma yake.

Kwa mazingira ya Nuu, kutokuwa na waya ni jambo kubwa. Banda la mbuzi, choo, tangi na mizinga ya nyuki haviko karibu na soketi. Nyumba nyingine hazina soketi kabisa, zina sola tu.

Zunguka nyumba kabla ya kuzunguka madukani

Chukua daftari, utembee nyumba nzima, ndani na nje. Andika kila mahali unapotaka kutoboa, na pembeni uandike ni kitu gani kilichopo pale. Kwetu utakuta vitu vinne.

Cha kwanza ni mti. Ukambani mti wa ujenzi unaopendwa ni mukau, ambao wataalamu huuita *Melia volkensii*. Huota katika ukame, hukua haraka, na mchwa hawaupendi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, kwa ushirikiano na Wajapani, imepanda bustani za mbegu bora za mukau huko Tiva katika Kaunti ya Kitui na Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, kwa hiyo mbao zake zitaendelea kuwa za kawaida kwetu. Mukau hutoboka kwa urahisi, lakini ukiwa mkavu hupasuka ukilazimishwa karibu na ncha. Muuku ni mzito zaidi na huhitaji subira. Mpingo, ambao sisi huuita muvingo, ni mgumu kupindukia: toboa kidogo, toa biti, ile ncha inayotoboa, ipoe, rudi tena. Saipresi inayoletwa kutoka nyanda za juu ni laini, na hatari yake ni skrubu kuzama kupita kiasi.

Cha pili ni tofali la kuchoma. Matofali ya tanuri moja hayalingani. Yale ya katikati ya moto huiva yakawa magumu, ya pembeni hubaki laini, na ukutani yote yamechanganyika. Ukitumia ule mtetemo wa drili uitwao nyundo juu ya tofali laini litamomonyoka na tundu la milimita 6 litakuwa la milimita 10. Kwa hiyo tofali anza nalo bila nyundo. Likikataa, ndipo uwashe nyundo.

Cha tatu ni zege. Watu husahau kwamba juu ya kila mlango na kila dirisha pana linta, na juu ya dirisha ndipo fimbo ya pazia inapofungwa. Mtu hutoboa ukuta mzima bila shida, akifika kwenye pazia drili inazunguka tu na kutoa vumbi jeupe. Hapo anahitaji drili yenye nyundo. Ya betri, yenye volti 18, itaweza matundu machache ya milimita 6 au 8 kwenye linta. Ikiwa kuta zote ni za zege au za jiwe gumu la kilimani, mwite fundi mwenye mashine nzito ya kupigia zege, au uikodi kwa siku moja. Usinunue drili ya betri kwa ajili ya kazi hiyo, utaiua.

Cha nne ni chuma na bati: milango, vyuma vya madirisha, paa na gata yenyewe. Hapa nguvu si tatizo. Kinachohitajika ni kasi ndogo, biti kali na tone la mafuta.

Sasa soma daftari lako. Ikiwa orodha ni mti na bati, na tofali hapa na pale, drili ndogo ya volti 12 inakutosha, na mkono wako utaishukuru, kwa kuwa mashine hiyo na betri yake ina uzito wa takriban kilo 1. Ikiwa kuna linta na mbao nene za muuku, chukua ya volti 18 yenye nyundo, ambayo kwa kawaida ni kilo 1.5 hadi 2. Tofauti hiyo huonekana ndogo dukani. Juu ya ngazi, mkono ukiwa juu ya kichwa kwa nusu saa, ni kubwa.

Namba zinazosema kweli na zinazodanganya

Ndani ya betri ya lithiamu mna seli, kila moja ikiwa na volti 3.6. Seli tano zikiunganishwa hutoa volti 18. Seli hizohizo zikiwa zimejaa chaji hukaribia volti 4 kila moja, na mara tu zinapotoka kwenye chaja hufika 4.2. Ndiyo maana utaona drili tatu rafuni, moja imeandikwa 18, nyingine 20, nyingine 21, na muuzaji anakuambia ya 21 ndiyo yenye nguvu. Zote zina seli tano. Vivyo hivyo ile ya 12 ina seli tatu, yaani volti 10.8 inapofanya kazi.

Utakutana pia na mashine zilizoandikwa 48, 88 au zaidi, na herufi VF pembeni. Kufikisha volti 88 kunahitaji zaidi ya seli 20 zilizofuatana. Itazame betri yenyewe. Ikiwa inatoshea kiganjani, hesabu hiyo haiwezekani.

Namba ya kuipa uzito ni ampea-saa. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, yaani shehena ya nguvu iliyomo. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36, sawa na balbu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa nne. Ya ampea-saa 4 ina mara mbili yake, na uzito wake pia huongezeka. Kwa kazi za nyumbani betri mbili za ampea-saa 2 ni bora kuliko moja ya 4: moja inafanya kazi, nyingine inachajiwa, na moja ikifa bado una drili.

Namba ya mwisho ni nguvu ya msokoto, inayopimwa kwa newton-mita. Drili za volti 12 huwa karibu na 30, za volti 18 huwa 50 au zaidi. Skrubu ya kawaida ya gata au bawaba haihitaji hata nusu ya hiyo. Usilipie 100 ili ufunge kabati.

Kuna pia mota yenye kaboni na isiyo na kaboni. Kaboni ni vijiwe viwili vyeusi vinavyosugua mota ili umeme uingie, na huisha kwa kadiri vinavyotumika. Mota isiyo na kaboni hutumia chaji vizuri zaidi na hudumu, lakini ni ghali. Anayefunga pazia mara mbili kwa mwaka hahitaji kuwaza sana. Anayetengeneza mizinga ya nyuki ya kuuza kila mwezi na alipe tofauti hiyo.

Mbele ya kaunta

Ukifika katika duka la hadwea, Mwingi au Kitui mjini, fahamu kwamba hununui mashine moja. Betri ya Makita haiingii kwenye Bosch, ya DeWalt haiingii kwenye Ingco wala Total. Ukishachagua kampuni umeoa ukoo wake wote: kesho ukitaka msumeno au tochi utataka itumie betri uliyo nayo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: "Betri ya akiba mnayo, na bei yake ni ngapi?" Akikosa jibu, drili hiyo ina umri wa betri moja tu.

Kisha iombe mkononi. Fungua chaki, zile taya zinazoshika biti, utie biti nyembamba ndefu na uikaze. Bonyeza kifyatulio taratibu na utazame ncha. Ikichora duara badala ya kusimama wima, chaki imepinda. Kasi ianze polepole na kupanda kwa kadiri unavyobonyeza. Ukiachia, mashine isimame papo hapo. Badilisha gia: namba 1 ni ya mwendo mdogo wenye nguvu, mizunguko kama 400 au 500 kwa dakika, na namba 2 ni ya mwendo wa 1,500 au zaidi. Zungusha pete ya namba iliyo nyuma ya chaki. Hiyo ni klachi, na nitairudia.

Tazama chaja kama imeandikwa volti 240 au kiwango kinachoijumuisha, na kama plagi yake ina pini tatu za mraba. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi, maana bandia nyingi hujifichua hapo. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu mwaka 2008 na mamlaka ya kuitekeleza, lakini kinga yako ya kwanza ni risiti yenye jina la duka na waranti iliyoandikwa.

Biti ndiyo inayotoboa

Mashine huzungusha tu. Kinachotoboa ni biti, na nimeona watu wakinunua drili nzuri kisha wakaipa biti za bei ya peremende. Zipo za namna tatu. Ya mti ina kisindano katikati ya ncha ili isitelezee pembeni. Ya chuma ina ncha ya pembe pana, na kwa shida yaweza kutumika kwenye mti. Ya ukuta ina kichwa cha kabidi kilicho kipana kuliko shina lake, haikati, inasaga. Ukiitia kwenye ubao itachoma na kutoa moshi. Anza na chache zilizo bora: milimita 3, 4 na 5 za mti na chuma, 6 na 8 za ukuta.

Biti za kukazia skrubu nazo zina siri. Msalaba una aina mbili. PH ni msalaba mtupu. PZ ina mistari midogo minne kati ya mikono ya msalaba. Tazama kichwa cha skrubu, ulinganishe. Ukitia PH kwenye skrubu ya PZ italiwa kichwa, na skrubu iliyoliwa kichwa ikiwa nusu ndani ya ubao itakutesa mchana kutwa.

Gata, tundu kwa tundu

Hivi ndivyo nilivyoifunga upya gata ya mama.

Kwanza nilivuta uzi kutoka mwisho mmoja wa fesha hadi mwingine, nikaushusha sentimita 1 kwa kila mita kuelekea upande wa tangi. Kwa mita 10 ni sentimita 10. Bila mteremko huo maji hutuama, na maji yaliyotuama ni uzito na mbu.

Kisha nikapima vishikio kila baada ya sentimita 60. Vilitoka 18, kila kimoja skrubu mbili, jumla 36. Cha kwanza nilikisogeza mbali na ncha ya ubao, na sehemu iliyopasuka niliikata na kuitupa. Kila alama niliigonga kidogo kwa msumari ili biti ikae bila kuhamahama.

Halafu likaja tundu la kutangulia, lile nililolikosa mara ya kwanza. Shika biti mbele ya skrubu, uzitazame kwa jicho moja. Biti iwe na unene wa kiini cha skrubu, na meno ya skrubu yaonekane yakichungulia pande zote mbili. Kwa skrubu ya milimita 4 hiyo ni biti ya 2.5 kwenye mti laini, na 3 kwenye mti mgumu. Tundu hilo hukipa kiini nafasi yake, na meno yanabaki na mti wa kuuma. Msumari hausubiri nafasi. Husukuma nyuzi za mti kando, na zikiwa kavu zilizo karibu na ncha hazina pa kwenda ila kupasuka.

Kutoboa tumia gia ya 2 bila kulazimisha. Ukihisi unasukuma kwa nguvu, ama biti imekuwa butu ama umekosea aina. Toa biti kila mara ili itapike unga wa mbao. Kukaza skrubu rudi gia ya 1, na hapo ndipo klachi inapofanya kazi yake. Anza na namba ndogo, tano au sita. Skrubu ikifika mwisho klachi italia krrr na kuacha kusukuma. Ikilia kabla skrubu haijazama, panda namba moja. Hivyo huwezi kukata kichwa cha skrubu wala kuizamisha kupita ubao.

Kabla ya kukaza, nilisugua meno ya kila skrubu kwenye kipande cha nta. Mwingi inajulikana kwa asali yake, na nta haikosekani katika boma lenye mizinga. Skrubu iliyopakwa nta huingia kwenye muuku kama inaingia kwenye sabuni, na betri hutumika kidogo.

Bomba la kushusha maji lilipita kwenye ukuta wa tofali. Nilifunga utepe kwenye biti ya milimita 6 kuonyesha kina, nikatoboa katikati ya tofali mbali na kingo zake, bila nyundo. Nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, nikatia rawoplagi, ndipo skrubu. Kidude hicho kidogo kina historia yake. Mwaka 1911 John Rawlings alipewa kazi ya kufunga vifaa katika jumba la makumbusho la British Museum, London, bila kuharibu kuta, akabuni plagi ya nyuzi za juti. Mwaka 1958 Artur Fischer wa Ujerumani akabuni ya nailoni inayotanuka. Usipotoa vumbi, plagi hukaa juu ya unga na siku moja itatoka yenyewe.

Mwisho nilimwaga ndoo ya maji kwenye mwanzo wa gata, nikasikiliza yakianguka ndani ya tangi. Kazi yote haikumaliza hata chaji ya betri moja.

Macho, mikono na ngazi

Vaa miwani. Chembe ya tofali ikiingia jichoni Nuu, hospitali ya macho iko mbali. Funga leso, kilemba, mikono mirefu ya shati na mkufu. Biti inayozunguka hushika kitambaa haraka kuliko unavyoweza kuachia kifyatulio. Kwa sababu hiyo hiyo usivae glavu za kitambaa ukiwa unatoboa. Usishike kwa mkono kipande kidogo cha bati unachokitoboa: biti ikitokeza upande wa pili huking'ang'ania na kukizungusha kama panga. Kibane kwa jiliwa au kipigilie msumari kwenye ubao.

Ndani ya nyumba, waya za umeme kwa kawaida hupanda wima au huenda mlalo kutoka kwenye swichi na soketi. Usitoboe juu ya swichi wala sambamba na soketi. Ukiwa na shaka, zima swichi kuu. Drili yako ina betri, haitasimama. Na ngazini asipande mtu bila wa kuishika. Drili ipandishwe ndani ya mfuko kwa kamba.

Jua letu na betri zetu

Lithiamu haipendi joto. Betri iliyoachwa juu ya bati, au ndani ya gari lililofungwa saa saba mchana, huzeeka kwa siku kama ilivyopaswa kuzeeka kwa miezi. Iweke chini ya kitanda au ndani ya kabati, ikiwa na nusu ya chaji ikiwa hutaitumia kwa muda mrefu. Ukitoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe kabla ya kuichaji. Kwa wenye sola, chaji adhuhuri jua likiwa kali na paneli ikiwa na ziada; wati-saa 36 na kinachopotea njiani hazitazima taa za usiku. Ikiwa unatumia inverta, gusa chaja baada ya dakika kumi. Ikiwa moto isivyo kawaida, inverta hiyo haiifai.

Na betri hizi si vitu vya kutupa ovyo. Sayansi iliyozizaa iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Lakini seli nyingi zina kobalti, na kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, Kolwezi na viunga vyake, ambako watu huzungumza Kiswahili kama sisi na wengine huingia mashimoni kwa sululu na mikono yao. Kuitunza betri idumu miaka ni heshima kwa jasho lao. Ikifa, usiichome wala usiitupe shimoni. Mpelekee muuzaji au mkusanyaji wa taka za umeme.

Drili ya mwethya

Si kila boma linahitaji drili yake. Drili ya nyumbani hufanya kazi siku chache kwa mwaka, siku nyingine zote hulala. Ukambani tuna mwethya, utaratibu wa majirani kukusanyika kufanya kazi ya mmoja leo na ya mwingine kesho. Kwa mwethya vilima vyetu vilikatwa matuta yaliyozuia udongo usiende na mvua. Kikundi kinachoweza kuchimba mtaro pamoja kinaweza kununua drili pamoja: mashine moja ya volti 18, betri mbili, kisanduku cha biti, daftari la anayeichukua na anayeirudisha, na mtu mmoja wa kutunza betri kivulini. Kila anayeiazima akiirudisha pamoja na biti mpya badala ya aliyoivunja, chombo kitaishi.

Kikundi chetu kina drili ya namna hiyo. Septemba iliyopita tulikuwa kwa jirani, tunafunga gata kabla ya mvua, na msichana wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa ngazini. Aliweka biti kwenye alama ya mwisho, karibu na ncha ya fesha. Akaitoa. Akapitisha kidole kwenye ubao, akaona mstari mwembamba wa ufa wa zamani, akashuka ngazi kuchukua penseli.

"Hapa patapasuka," alisema. Akaisogeza alama sentimita 5 ndani, akapanda tena, akatoboa.

Mama alikuwa amekaa kivulini akitutazama. Hakusema kitu. Alikuwa amesikia mti ukiulizwa.